Chini ya Paa la Mkwe

Thika,
4 Machi 1955

Kwa Mama Mkwe wangu mheshimiwa, Mama Nekoye,

Ninatanguliza salamu zangu kwa unyenyekevu, nikitumaini kwamba kifua kilichokusumbua wakati wa mvua za mwaka jana kimekuachilia, na kwamba kazi ya kahawa hapo shambani Ruiru haikuchoshi kupita kiasi. Upande wetu sisi si wazima, na hiyo ndiyo sababu ya waraka huu.

Ninalazimika kukuarifu kwamba binti yako Jentrix, tangu tulipompoteza mtoto mwezi wa Januari, hajarejewa na nguvu. Miguu imevimba hadi magotini, na akisema maneno machache hutweta kama mtu aliyepanda mlima. Hospitalini walimlaza juma moja, kisha wakamruhusu. Daktari alitamka kwamba moyo wake umechoka, kwamba asisafirishwe, na kwamba apatikane mtu wa kumgeuza, kumlisha na kumwosha, mchana na usiku. Mtu huyo hayupo. Mimi huingia kiwandani, kwenye magome ya miti ya miwati yanayosagwa kwa dawa ya ngozi, king'ora kinapolia alfajiri, na hurejea jua likitua. Humwachia uji na maji karibu na mkono. Mara nyingi naukuta uji umeganda vilevile.

Anayefaa ni wewe, naye anakutaja kila siku. Lakini nyumba tuliyopewa ni chumba kimoja, na chumba hicho ni changu. Kwenu Wabukusu na kwetu Wajaluo sheria ni moja: mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Chumba cha jirani wanakaa wanaume wanne, nawe huwezi kufikia humo. Kwa hiyo nimemwandikia Bwana Indravadan, karani wa nyumba za wafanyakazi, ombi rasmi la kupewa chumba kingine kwa muda, kisichokuwa na jina langu. Nimeliandika upya mara kadhaa hadi likanyooka. Ninaamini halitadharauliwa.

Ule utaratibu tuliokubaliana sisi watatu, wa kusoma sura ileile moja ya Biblia kila asubuhi, wewe huko nasi huku, hatujauvunja. Jentrix husoma Ayubu kwa sauti kabla ya king'ora, nami husikiliza nikifunga viatu. Leo alipofika pale rafiki wa kwanza wa Ayubu anapoanza kumhutubia mgonjwa, alikatiza akacheka. "Huyu naye anazungumza kama barua zako, Erastus."

Ni mimi mkwe wako mtiifu,
Erastus Opiyo


Ruiru,
8 Machi 1955

Mkwe wangu Erastus,

Mungu awaangalie nyinyi wawili. Kifua changu ni kizima, mikono tu ndiyo imekwaruzwa na kahawa. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa namtafuta mwanangu ndani ya maneno. Mara ya pili nikampata, nikakaa chini.

Hilo ombi silikatai, liache liende. Lakini mgonjwa hasubiri karani. Nimemwendea nyapara wetu, Tobias, nikamsumbua mpaka akaniombea pasi ya kusafiri. Nimepewa Jumapili hii peke yake, niende asubuhi nirudi kabla ya kafyu, maana siku hizi za hali ya hatari ukikutwa njiani huulizwi wewe ni mama wa nani. Nitakuja. Uvute kitanda karibu na mlango, halafu wewe uende kwa jirani tusionane. Mimi nitakaa nje.

Labda utasema moyoni kwamba mama huyu amebatizwa bure. Nimebatizwa kweli, na kila asubuhi nasoma, kidole kikifuata mstari kama nilivyofundishwa kanisani nikiwa tayari mtu mzima. Lakini kwetu Kimilili nilimjua mwanamke aliyelala kwa mkwe wake wakati wa mafuriko, na binti yake hakuzaa tena. Watu walisema ni yeye. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba mwanangu amezika mtoto Januari, na nisiwe mimi wa kumwongezea. Aibu ningeivumilia, Erastus. Hilo siliwezi.

Leo ni sura ya nane. Huyo rafiki mwingine anamwambia Ayubu kwamba watoto wake walikufa kwa makosa yao wenyewe. Nilifunga kitabu. Kisha nikakifungua tena nikamaliza, kwa sababu nilijua Jentrix naye amefika hapo asubuhi hii, na sikutaka abaki peke yake na maneno hayo.

Mama mkwe wako,
Nekoye


Thika,
17 Machi 1955

Kwa Mama Mkwe wangu mheshimiwa,

Ninatumaini ulifika Ruiru salama siku ile na kwamba askari hawakukusumbua. Ninakushukuru kwa ndizi na kwa mboga.

Sikukuona, kama ipasavyo. Nilikuwa chumbani kwa jirani yangu Mwanzia, nimekaa juu ya ndoo, nikisikia sauti zenu kupitia ukuta wa mbao. Mwanzia ni Mkamba na hujifanya hawaelewi watu wa magharibi. Aliniuliza, "Opiyo, huyo mama amekuja kumwona mtoto au kuulinda mlango?" Baadaye Jentrix alinieleza kwamba ulikaa kizingitini, mgongo nje, mikono ndani, ukimkanda miguu hadi saa yako ya kuondoka ilipofika. Alisema ilikuwa siku yake ya kwanza tangu Januari kutosikia uzito wa miguu hiyo. Usiku wake ulikuwa mbaya, na kila usiku uliofuata umeuzidi uliotangulia. Sasa hawezi kulala ila ameketi.

Ombi langu limejibiwa. Bwana Indravadan aliniita mbele ya watu, akalinyanyua na kusema, "Barua nzuri sana, Opiyo. Mwandiko mzuri. Lakini chumba hapana." Nilimwandikia la pili, refu zaidi, nikamtajia maneno ya daktari. Hilo halijajibiwa, wala silitazamii tena.

Asubuhi ya leo Jentrix alishindwa kusoma, ikabidi nisome mimi. Nilipomaliza akaniambia nikuandikie maneno haya, nisiyapambe. Alisema: "Mwambie Mama kwamba Ayubu alikaa majivuni, na hakuna aliyeuliza ni majivu ya nani."

Mama, njoo ulale. Mimi nitahamia kwa Mwanzia. Yeye na wenzake wamekubali kujibana wanipe nafasi sakafuni. Ikiwa ni laana, mimi ndiye niliyekuita, na initafute mimi.

Mkwe wako,
Erastus


Thika,
12 Aprili 1955

Kwa Mama Mkwe wangu,

Sijui namna ya kukujulia hali baada ya yaliyotupata, nami nakuomba radhi kwa kutoweza.

Ulikuja Jumatatu iliyofuata waraka wangu. Jumatano alfajiri Jentrix akafariki, mikononi mwako, mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta wa mbao. Tukamzika hapahapa Thika, kwa kuwa sikuwa na njia ya kumfikisha nyumbani. Wewe ukasimama na wanawake, mimi na wanaume, na hatukusemezana neno. Kisha ukarudi Ruiru. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuanza waraka huu na kuuchana.

Kwanza mwiko ulikuweka wewe nje ya mlango. Ulipoingia, ukanitoa mimi. Ninalitazama jambo hili kila upande na sioni mahali ambapo mimi na wewe tungeweza kusimama pamoja karibu naye. Ninayakumbuka pia yale maombi. Nilikaa nikiyanyoosha jioni nzima, na yeye ameketi pale nyuma yangu akitafuta pumzi, nikimwambia, "Vumilia, nimalizie sentensi hii." Mwanzia anasema nisijilaumu. Mwanzia ni mtu mwema, lakini yeye hana wa kumwota.

Biblia sijaifungua tena. Niliisoma kila siku kama mtu anayepeleka ombi mahali panapostahili, kwa heshima na kwa wakati wake, na nimepata jibu lile la karani.

Jambo moja tu nalitaka kwako. Zile asubuhi mbili niliweka mdomo karibu na mbao nikasoma kwa sauti, ili sura yetu isikatike. Ile ya Jumatano nilipoimaliza ndipo nikakusikia ukilia. Nakusihi unijulishe: je, alinisikia? Alisema nini? Wewe ulikuwepo. Mimi sikuwepo.

Erastus


Ruiru,
24 Aprili 1955

Erastus, mwanangu,

Mimi mzima, kama mtu anavyoweza kuitwa mzima kwa sababu anapanda na kushuka mistari ya kahawa. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka kuandika bila kudanganya, na hiyo ni kazi.

Hapa shambani wanawake wanasema ni mimi. Hawasemi mbele yangu. Ninafika bombani na maneno yanakatika. Asubuhi nyingine nawacheka, nasema moyo ulikuwa umechoka, daktari alisema. Asubuhi nyingine naamka nimewaamini. Sijui itakuwa hivyo mpaka lini. Kwa hiyo usifikiri ninakuandikia nikiwa mahali pakavu.

Unasema hufungui kitabu. Sikulazimishi. Mimi nimemaliza Ayubu, na pale mwisho anapopewa watoto wengine nilikasirika, kwa maana hakuna aliyeeleza wale wa kwanza walikwenda wapi. Lakini siku iliyofuata niliendelea na kitabu kinachofuata. Sisomi kwa sababu nimefarijika. Zile siku tulizosoma sote watatu, hapo tu ndipo nilipokuwa nyumba moja na mwanangu na wewe bila mtu kutoka nje. Sijapata mahali pengine.

Sasa nitakujibu ulichouliza.

Alikusikia. Ile asubuhi ya kwanza alisema, "Anasoma mbio, anaogopa king'ora." Nilicheka, naye akanikataza kwa kidole ili asipitwe na neno. Asubuhi ya Jumatano aliniuliza ulilala upande gani. Nikamwonyesha. Akaniambia nimgeuze aelekee huko. Alikuwa mzito, nilimgeuza polepole, nikamwegemeza kifuani mwangu, akauweka mkono wake juu ya mbao, na mimi nikauweka wangu juu ya wake. Ukaanza kusoma. Hakusema kitu tena, Erastus. Singekuficha kama angesema. Alikuwa anasikiliza.

Ulipofika pale Ayubu anapokwenda mbele asimwone Mungu, na kurudi nyuma asimwone, nilisikia mkono wake umelegea chini ya wangu. Nilijua. Ningeweza kukuita. Lakini ulikuwa bado unasoma, na sauti yako ilikuwa bado ya mtu mwenye mke. Nikakuacha umalize.

Mama yako,
Nekoye