Mkono wa Kushoto Meera, wa Kulia Kagera

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Nimerudi kutoka Kenton, miguu inawaka moto. Treni ya Victoria line ina mambo yake ya Jumamosi, basi nimezungushwa London nzima. Lakini nimerudi na kiboksi!

Ushma wa duka la manukato ametoa Meera mpya. Limited edition, imeandikwa hivyo kwa rangi ya dhahabu. Chupa mia tatu tu, halafu basi. Meera ya zamani naijua kuliko ninavyojijua. Mwaka wa tisa huu naipaka, tangu mama yake alipolazwa wodini kwetu na Ushma akawa ananiletea manukato badala ya chokoleti. Kuna mgonjwa asiyeona ananiita Keki. Akinisikia nanukia tu: "Keki, umechelewa leo."

"Dada Eufrasia, hii unapata wewe kabla ya mtu mwingine yeyote," Ushma kasema. Yeye kazaliwa Bukoba, baba yake alikuwa na duka la vitambaa pale mjini, na Kiswahili chake kinawashinda watoto wetu wote wa huku. "Safari hii vanila yenyewe ya kwetu. Kagera, bana!"

Nimepiga kelele dukani mpaka mteja akageuka. Miaka yote Meera inatengenezwa kwa vanila ya kuagiza kwa jumla, sijui Madagaska, sijui kiwandani. Leo ya kwetu! Nikamuuliza ya nani, kijiji gani. Akasema nitajua siku ya uzinduzi, tarehe 18, pale pale dukani. Akacheka. Nami nikacheka.

Sijaifungua. Kesho naifanyia mtihani: mkono wa kushoto ya zamani, wa kulia mpya. Laiti mivanila ya Baba ingekuwa hai, tungemuuzia Ushma. Baba angetamba mpaka akere watu.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimepaka saa tatu kasorobo, kabla ya misa.

Kushoto: ile ile. Sukari, maziwa, keki inatoka kwenye oveni. Haikuulizi swali.

Kulia — mwanzo sikuipenda! Kali. Ina moshi. Ina kitu kichachu kwa nyuma, nikadhani Ushma kaharibu kazi. Binti yangu Aikaeli nimemnusisha mikono yote miwili. "Mum, they're literally the same." Miaka kumi na tisa, na pua ni ya mapambo.

Saa nne na robo, katikati ya mahubiri. Kushoto imeshalala. Kulia ndiyo kwanza inaamka. Ule uchachu umelegea, umekuwa ndizi zilizoiva kupita kiasi. Halafu mti mkavu. Halafu vanila, nzito, nyeusi, inakuja polepole. Nikajikuta nimeziba mdomo, nalia, na padre anazungumzia mbegu ya haradali. Mama wa pembeni akanipa kitambaa. Alidhani ni imani.

Ni mtumbwi! Harufu ya mtumbwi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Niandike vizuri ili nijue sijachanganyikiwa. Vanila ikishachovywa maji ya moto hufungwa kwenye mablanketi itoke jasho, ndani ya sanduku safi. Bwana shamba alifundisha hivyo kijiji kizima. Baba hakuwa na sanduku. Akachukua mtumbwi wetu wa mti, ule wa kukanyagia ndizi za pombe, akalaza vanila humo. Mti wenyewe ulikuwa umekunywa rubisi tangu enzi za babu. Vanila ikatoka imelewa! Wanunuzi waliikataa msimu wa kwanza, na kijiji kikambandika jina, Mzee Rubisi. Wenzake wakachonga masanduku. Yeye akabaki na mtumbwi wake, mbishi yule.

Hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Hakuna.

Na mivanila ya Baba ilikufa. Mwaka 2022, miezi minne baada ya kumzika. Mdogo wangu Protas ndiye aliyenipigia simu: mizizi imeoza, yote, wameing'oa na kuichoma.

Nimeosha mkono wa kulia mara mbili kwa sabuni. Haitoki.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimempigia Protas wakati wa mapumziko, nimesimama kwenye ngazi za dharura. Sikumtaja Ushma. Nikasema tu nimemkumbuka Baba. Hivi ile mivanila, hata mche mmoja haukubaki?

Akasema dada, hayo ni ya zamani, unajitonesha bure. Pale sasa kuna maharage. Halafu mtandao ukawa mbaya. Mtandao wa Bukoba una akili siku hizi, unajua lini uharibike.

Jumatano, 8 Oktoba

Siku mbili nimekuwa wakili wa Protas kichwani mwangu. Labda aliuza mtumbwi. Labda aliyeununua naye kaanza kulaza vanila humo. Labda ni akiba ya zamani — lakini akiba gani ya miaka mitatu inayonukia hivi?

Niseme wazi kwa nini inaniuma. Kwetu kibanja, shamba la ukoo, hakiendi kwa binti. Baba alipozidiwa aliwaita wazee wa ukoo, nami nikiwepo, nimeshuka kwenye ndege jana yake. Akasema kibanja ni cha Protas, hilo halina ubishi. Lakini mivanila ni ya Eufrasia. Mmea si ardhi, akasema, na maua hayo yeye ndiye aliyeyachavusha tangu ana miaka kumi na nne, ua kwa ua, kabla ya kwenda shule. Wazee wakatazamana. Wakakubali, hawakupata pa kumshika. Mzee aliwaweza!

Sina kingine kule. Sina chumba, sina hata tofali. Nikiulizwa na watu wa huku kwenu wapi, nilikuwa na jibu: kuna mimea yangu pale. Protas aliposema imekufa nililia kuliko nilivyolia msibani. Nikaomba misa. Padre alidhani ni ya Baba. Ilikuwa ya mimea.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kenton tena, moja kwa moja kutoka kazini, na sare yangu mwilini. Nikaweka mikono yote miwili juu ya kaunta. Nikamwambia dada Ushma, hii ya kulia ni ya baba yangu.

Alifurahi! Hicho ndicho kilichonimaliza. Alipiga makofi.

"Nilijua utaijua! Nilimwambia Protas, huyu ana pua, huyu."

"Protas gani?"

Mikono yake ikabaki hewani.

Mambo yako hivi. Mivanila ilipokufa (ilipo"kufa"!) mimi mwenyewe nilimpa Ushma namba ya Protas, ili huyo amtafutie mkulima mwingine, kisha nikasahau. Mimi mwenyewe! Protas akamwambia mkulima ni yeye. Kwamba nimemkabidhi mivanila yote, wazee ni mashahidi. Kwamba nisitajiwe kabisa habari hizo, maana nikikumbushwa Baba napandwa na presha. Ushma akanyamaza miaka miwili na zaidi, akijaribu na kuchanganya, akinitilia chai ya tangawizi kila mwezi, na mzigo wa kwetu uko stoo nyuma ya mgongo wangu.

"Nilidhani nakuhurumia, Eufrasia. Hata kukualika alinikataza. Nikasema mwenyewe, akiona atafurahi."

"Hukuniuliza hata mara moja."

"Ni mdogo wako wa tumbo moja. Ningemshuku vipi?"

Akaanza kulia. Sikumbembeleza. Mimi ninayebembeleza wagonjwa kutwa nzima, leo nimemtazama mtu analia nikahesabu chupa kwenye rafu. Nimetoka bila kuaga. Maneno yake nayaamini nusu, na nusu hiyo nayo inaniuma.

Ijumaa, 10 Oktoba

Protas hapokei. Ujumbe ameusoma, tiki mbili za bluu. Nimerudi kupaka Meera ya zamani, mikono yote miwili. Keki. Inanichefua.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimempigia Mama.

Mama hajawahi kunidanganya. Alinichapa sana, alinisema mbele za watu, lakini uongo hapana. Baba alipokuwa anaumwa na wote wananiambia anaendelea vizuri, yeye ndiye aliyesema mwanangu, panda ndege. Bila Mama ningemkuta kaburini.

Nikamuuliza moja kwa moja. Mivanila yangu ilikufa au haikufa?

"Waitu, mwanangu. Ilikufa. Niliing'oa kwa mikono yangu hii."

Nimepumua! Sikujua kama nilikuwa sipumui. Basi Protas kapanda mingine, pengine kwingine, kwa siri, na mtumbwi wa Baba kauchukua. Uongo bado ni uongo na nitamsema mpaka akome. Lakini hakunyang'anya alichoniachia Baba. Hilo ni jambo jingine kabisa! Nimepika ndizi na samaki. Aikaeli kashangaa: "You're in a good mood." Nimemwambia kula.

Jumanne, 14 Oktoba

Ujumbe mrefu wa Ushma. Uzinduzi uko pale pale, wageni wamekwisha kualikwa. Protas ataonekana kwenye skrini, moja kwa moja kutoka shambani. Hajui kwamba mimi najua kila kitu, wala kwamba nitakuwepo. Njoo umwone kwa macho yako, kisha sema unachotaka, sitakuzuia.

Na eti itakuwa saa tatu asubuhi, Protas ameomba hivyo. Huko itakuwa saa tano, na maua ya vanila yanafumba mchana.

Nimebadilishana zamu. Nitakwenda.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika stooni kwa Ushma. Nimekaa juu ya katoni, mlango nimeufunga kwa ndani. Mwandiko kama wa daktari.

Niandike kwa mpangilio.

Watu kama thelathini. Wateja wake wa Kenton, wanawake wawili wa magazeti ya urembo, vijana wenye simu. Chai, kachori, vipande vya karatasi vya kunusia. Wanaweka Meera ya zamani huku, mpya huku, wananusa, wanafumba macho. Mmoja akasema mpya ina "mystery". Nilisimama nyuma, karibu na mlango.

Skrini ikawaka. Protas! Koti la kanisani, mabuti ya shamba. Kanenepa. Akasema karibuni shambani kwetu, urithi huu baba yangu aliniachia mimi. Ushma akawa anatafsiri kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, sauti yake imekauka. Alipofika kwenye "aliniachia mimi" akanitazama, akatafsiri hivyo hivyo.

Kisha Protas akaigeuza simu atuonyeshe.

Si shamba jingine. Ni pale! Ukuta wa jiko uleule wenye ufa, miti ileile ya mbono niliyoipanda mimi, kila mmoja naujua. Na mivanila juu yake, minene, ya kijani, imejikunja na kushuka na kupanda tena. Mimea ya miaka. Haijawahi kung'olewa hata siku moja. Maua yamefunguka kila mahali.

Nilitaka kupiga kelele.

Protas akasema, na huyu ndiye fundi wetu wa maua, hakuna anayemfikia.

Mama.

Ameinama, khanga kiunoni, anachavusha. Ua moja, anasogea, ua jingine. Haraka, bila kutazama, kama anavyochambua mchele. Wageni wakasema aaah. Protas akamwambia Mama, wasalimie watu wa London. Mama akainua uso anacheka, akaisogelea simu, akaikazia macho. Mimi nilikuwa nimeshasogea mbele, sijui saa ngapi nilisogea. Akaniona.

Akaificha mikono yake nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Watu wakapiga makofi. Wakadhani ni haya za bibi wa kijijini! Ushma akasema kwa Kiingereza tunaye hapa dada yake Protas, ana neno. Wote wakageuka. Nikafungua mdomo. Nikaingia huku.

Ndipo nilipo. Nje minong'ono. Protas namsikia anasema mtandao, mtandao unasumbua. Halafu vurugu kidogo. Ushma anagonga.

"Eufrasia. Mama amemnyang'anya Protas simu. Hataki kukata. Anakutaka wewe."

Sasa namsikia mwenyewe. Ushma kaacha sauti kwenye spika, au kaiweka makusudi mlangoni, sijui. Mama anapaza sauti, anadhani London ni mbali hivyo.

"Eufra! Unanisikia? Ningefanyaje, mwanangu? Wewe uko huko. Huyu ndiye ninayeishi naye. Huyu ndiye atakayenizika."

Hasemi nisamehe. Hasemi nimekosa. Anarudia hayo hayo, huyu ndiye ninayeishi naye, na kila akirudia sauti inapungua.

Wageni wanamuuliza Ushma anasema nini. Ushma hatafsiri.