Kitambaa cha Shingoni mwa Bibi

Stanleyville, 4 Machi 1956

Shangazi Hawa mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na natumaini magoti yako yamepata nafuu. Riwaya yangu imekaribia kwisha, na mpigachapa anaingojea Juni mosi. Ni hadithi ya bibi, mama yako, na sijawahi kuandika kitu kizuri hivi, nasema bila haya. Nimemwandika kama binti wa waungwana, aliyeingia Kindu amebebwa kwenye machela. Sura moja tu inanisumbua. Kwa nini hakuvua kitambaa shingoni hata wakati wa joto? Wewe ndiwe uliyemwosha alipofariki. Uliona nini?

Mwanao, Assani

Kindu, 2 Aprili 1956

Mwanangu,

Barua imefika, magoti yananiuma vilevile. Anayeosha maiti hufunga mdomo. Alichokiona huzikwa pamoja na marehemu, na hata mume wangu hakuthubutu kuniuliza. Na wewe usirudie.

Shangazi yako

Stanleyville, 18 Aprili 1956

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe. Hujambo lakini? Basi nimeamua mwenyewe: alikuwa anaficha mkufu wa dhahabu aliopewa na baba yake. Wasomaji wataupenda.

Mwanao, Assani

Kindu, 20 Mei 1956

Assani,

Mwezi mzima sikukujibu, na wala sikuwa mgonjwa. Mkufu wa dhahabu. Nilikasirika sana.

Niliyoyaona nikimwosha sisemi. Lakini aliyoniambia mwenyewe akiwa hai, tukitwanga muhogo, hayo ni yangu, na leo nakupa. Hakuna aliyembeba. Alitembea kutoka Pangi akiwa na miaka tisa, amefungwa kamba shingoni pamoja na wenzake kumi. Hapa Kindu akanunuliwa, akapewa jina Zaituni. Kila alipoitwa alichelewa kuitika, wakampiga, wakasema hasikii. Aliniambia: "Mutoto yangu, mimi sikukuwa kiziwi. Nilikuwa nangoja waite jina yangu."

Hawakuliita hata siku moja, na mimi pia nilimwita mama tu. Jina lake lilikuwa Wabiwa. Nimepita miaka sitini, na duniani ninalijua peke yangu. Barua hii anakuletea mkononi Ferdinand, afanyaye kazi melini, kabla ya tarehe ya mpigachapa wako. Futa dhahabu yako, uandike Wabiwa.

Shangazi yako, binti Wabiwa