Jicho la Kushoto la Madam

Kansanga, Ijumaa usiku

Simwambii mtu, nimeahidi.

Tulikuwa tunakagua njia ya mbio za magari za kesho. Mimi namsomea kona zinazokuja kutoka daftarini, Madam Joan anaendesha, kama tulivyozoea. Mzee mwenye baiskeli iliyobeba ndizi za matoke akatokea kushoto, na Madam hakukanyaga breki. Nilivuta usukani mwenyewe, tukaingia mtaroni. Mzee akatutukana kwa Kiganda, na ni haki yake.

Madam alizima injini, akasema: "Akinyi, jicho la kushoto limekufa. Tangu Pasaka."

Nikamwambia tujitoe. Akacheka vibaya. "Tangu nikiwa Uingereza wanaume wananiambia nirudi jikoni. Hapa nimekuwa mwanamke wa kwanza kushinda. Wakijua, hawatampa mwanamke mwingine gari. Hata wewe."

Hata mimi. Alijua pa kunigusa, nikamwahidi kutosema.

Nikisema, nimemzika mzima mzima. Nikinyamaza... Mungu wangu, watu husimama kando ya barabara na watoto wao mabegani.

Kesho asubuhi nitafunga mkanda kwenye kiti changu. Kiko kushoto kwake, upande asiouona.