Vikombe Viwili Mchana wa Ramadhani

Karibu na Molo,
26 Mei 1954

Kwa baba yangu mpenzi, Mzee Mabruki,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, umekaa kwenye kigoda chako na sindano mkononi, na ule mgongo umeacha kukusumbua. Mama naye hajambo? Kifua chake kimetulia? Dada Kuluthum mwambie tende alizonitumia zimefika, ingawa kifurushi kilikuwa chepesi kuliko alivyoandika, na sitauliza ni nani aliyezionja kwanza. Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu. Baridi ya Molo ni ile ile: tunaamka majani yameganda meupe, na maji ya kutawadhia yanauma vidole. Lakini baridi nayo ina fadhila zake. Aliyefunga huku hasikii kiu kama ninyi mlioko Nakuru na vumbi lenu.

Katika barua yako uliniuliza ni kitu gani hasa tunachofundishwa katika ile nyumba ya mabomba na chupa, na kitamsaidia nini mtu ambaye mwisho wake atakula kwa jasho la mikono. Baba, nikianza kukueleza habari za maabara, karatasi hazitatosha. Mwalimu wetu, Bwana Owuor, ni mrefu, mpole, na koti lake jeupe limetobolewa na asidi mahali pasipohesabika. Siku ya kwanza alitutengenezea hewa ya oksijeni, akachukua kijiti kilichozimwa, kimebaki kaa jekundu tu, akakitumbukiza ndani ya chupa. Kikawaka tena! Darasa zima tulipiga kelele. Siku nyingine alituambia tupulize pumzi zetu ndani ya maji ya chokaa yaliyo safi, na maji yakageuka kama maziwa. Nilipuliza mpaka nikaona kizunguzungu, kwa furaha ya kuona kwamba pumzi yangu ina kazi.

Tulifanya pia hewa yenye harufu ya mayai yaliyooza. Siku hiyo mpishi wa shule alikuja mbio kutoka jikoni, akaapa kwamba mayai yake yote ni mazima na kwamba kuna mtu anayetaka kumharibia kazi. Na nina jiwe langu la buluu nililolikuza mwenyewe kwa uzi ndani ya kikombe cha maji ya dawa, siku kumi na moja, likikua kidogo kidogo kama jino la mtoto. Nimelifunga kwenye kitambaa. Nitakuonyesha.

Lakini lililonigusa zaidi ni hili. Unakumbuka jinsi ulivyonizaba kofi nilipokuwa mdogo, kwa kuacha msumari juu ya ngozi mbichi ya tandiko la yule mzungu wa Njoro, ikapata doa jeusi lisilotoka? Nilimwambia Bwana Owuor habari hiyo. Akanipa maji ya magome ya miwati, yale yale unayolowekea ngozi, akaniambia nitie maji ya kutu. Yakawa meusi ti, kama wino. Niliyatumia kuandika jina lako kwenye daftari. Sasa najua kwa nini msumari unaiharibu ngozi, ingawa kofi lenyewe bado nasema lilikuwa la haki.

Unaona basi kwamba nimepapenda hapa, na ndiyo maana naandika kwa woga. Sijasahau maneno yako pale stesheni. Ulisema mbele ya mama kwamba niende nikasome, niishi na watoto wa watu vizuri, lakini siku utakayosikia nimekula mchana wa Ramadhani, siku hiyo hiyo nifunge sanduku langu nirudi nikae kigodani kando yako. Nami nikakubali mbele yake. Huo ndio mkataba wetu, na sijawahi kuuona kuwa mzito, mpaka mwaka huu tulipofika kwenye pipeti.

Pipeti ni bomba jembamba la kioo. Unaliingiza ndani ya maji ya dawa, unanyonya kwa mdomo mpaka maji yafike kwenye alama, halafu unaziba kwa kidole na kuyahamishia kwenye chupa nyingine. Hakuna njia nyingine ya kulijaza. Ukinyonya haraka, au ncha ikitoka majini, dawa inakuja mdomoni. Kabla mwezi haujaandama nilijaribu kwa maji matupu, na katika kila mara tatu, moja iliteremka tumboni. Mimi ndiye Mwislamu peke yangu katika kidato chetu, kwa hiyo hapakuwa na mwenzangu wa kumwuliza.

Hapo ndipo alipoingia Kipkorir. Tunafanya kazi wawili wawili, na yeye ndiye mwenzangu wa meza. Ni mtoto wa wafugaji wa upande wa Kericho, mkimya, mwenye mabega kama mlango, na anataka awe daktari wa ng'ombe. Siku ya kwanza ya Ramadhani aliniona nimeishika pipeti kama mtu aliyeshika nyoka. Akaniuliza, nikamweleza. Akaichukua mkononi mwangu na kusema kwamba mwezi huu kunyonya ni kazi yake, mimi nikae upande wa pili nitazame rangi. Kwa maana ndivyo ilivyo kazi yenyewe, baba: maji ya magadi yapo kwenye chupa chini, asidi inadondoka tone kwa tone kutoka juu, na ndani mmetiwa dawa ya manjano. Asidi ikitosha tu, manjano inageuka kuwa nyekundu. Lazima uzuie kwa tone lile lile. Ukizidisha, hesabu yote imeharibika.

Tuliendelea hivyo wiki mbili, tukapata majibu mazuri kuliko meza zote. Lakini nilianza kuona kitu. Hata nilipomwachia yeye atazame rangi, Kipkorir alikuwa akiniuliza kama imegeuka. Nikakumbuka jinsi vijana wanavyomcheka kwa sababu anapochuma matunda ya shambani hawezi kuchagua yaliyoiva kwa kutazama, mpaka ayabonyeze. Siku moja, tukiwa tunaosha vyombo, nilimwuliza taratibu. Alimaliza kusuuza chupa aliyoishika, kisha akaniambia kwamba kwake nyekundu na kijani na manjano iliyokolea ni ndugu wa tumbo moja. Kwao ng'ombe huitwa kwa rangi yake, na alipokuwa mdogo alitumwa kumleta mwekundu akaleta mwingine, akachapwa kwa ukaidi. Tangu hapo alijifunza kuwajua kwa pembe na kwa mwendo, na hakuna aliyejua, hata mama yake. Aliniomba nisimwambie mtu. Nikampa neno langu.

Siku chache baadaye Bwana Owuor akatangaza mtihani wa vitendo, kila mtu na meza yake. Watakaoshindwa wangeondolewa kwenye kemia na kupelekwa somo la kilimo, na hapo ndoto ya udaktari wa ng'ombe ingekwisha. Nilimwendea mwalimu nikamweleza habari ya saumu yangu. Alinisikiliza kwa heshima. Akasema yeye si wa dini yangu lakini hakuajiriwa kunifungulisha, kwa hiyo siku ile nipumzike bwenini, nifanye mtihani wangu peke yangu baada ya Idd.

Sasa, baba, naomba uweke sindano chini.

Sikukaa bwenini. Asubuhi ya mtihani nilimtazama Kipkorir. Midomo yake ilikuwa imechubuka kwa magadi aliyoyanyonya kwa ajili yangu, na hata siku moja hakuniuliza Mungu wangu atamlipa nini yeye. Nikajua nikikaa kitandani, ataingia mle kipofu. Tukapatana kwamba nitachukua meza iliyo kando yake, na chupa yake ikigeuka nitakohoa. Ndiyo, ni udanganyifu, na tena katika mwezi mtukufu. Nililijua hilo. Asiyefanya mtihani haruhusiwi kuingia, kwa hiyo nilimwambia mwalimu nimebadili nia, nikashika pipeti yangu.

Mara ya kwanza nilinyonya salama, nikakohoa kwa wakati wake. Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu jicho langu lilikuwa kwenye chupa ya Kipkorir badala ya kuwa kwenye yangu, ncha ikatoka majini, magadi yakapanda yakanijaa kinywa. Nikameza. Halikuwa tone, lilikuwa funda zima. Bwana Owuor alikuja mbio, akanishika bega, akajaza kikombe bombani na kuniamuru ninywe. Kwa hofu yake alikuwa amesahau habari ya saumu. Mimi sikuwa nimesahau. Kikombe cha kwanza nilikinywa kwa sababu koo lilikuwa linaniwaka. Cha pili, baba, nilikinywa kwa sababu maji yalikuwa matamu. Ilikuwa saa nne na nusu ya mchana, siku ya kumi na saba ya Ramadhani.

Na nilipokuwa nakunywa sikuweza kukohoa. Kipkorir alikuwa anasubiri sauti yangu huku asidi inadondoka, inadondoka, mpaka chupa yake ikawa nyekundu kupita kiasi na darasa likaanza kucheka. Mwalimu akamwuliza anaona rangi gani. Kipkorir angeweza kubahatisha. Badala yake alifunga bomba la asidi, akasimama wima, akasema mbele ya wote kwamba hajui, na kwamba hajawahi kujua. Kisha akasimulia kila kitu, na akaomba adhabu ya kukohoa apewe yeye, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeacha kitanda na saumu yangu kwa sababu yake. Hakuna aliyecheka tena.

Tulipewa sifuri wote wawili, na wiki nzima ya kuosha vyombo vya shule yote. Ni haki. Lakini jioni ya pili tukiwa tunaosha, Bwana Owuor alileta dawa nyingine, ambayo inatoka kwenye rangi kwenda kuwa haina rangi kabisa, kama chai iliyogeuka maji. Hiyo Kipkorir anaiona. Alipopata jibu sahihi bila mtu kumkoholea, alikaa sakafuni akacheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikakaa kando yake nikacheka vile vile. Mwalimu amesema ataruhusiwa kuitumia, na sote tutarudia mtihani baada ya Idd. Yaani yeye atarudia, na mimi nitarudia ikiwa bado niko hapa.

Ningeweza kunyamaza. Kutoka huku mpaka Nakuru hakuna mtu ambaye angekuletea habari hii. Lakini nimejaribu kunyamaza siku sita, na kila nikisali naona kama nimesimama stesheni nawe unanitazama. Siku ile nitailipa, na toba nimeshaomba. Ukisema nifunge sanduku nitalifunga, sitabishana, ingawa nitalia njia nzima na sioni haya kukuambia. Na kama ungeniuliza ningefanya nini siku ile ikirudi, singekudanganya: kikombe cha pili nisingekigusa, na kukohoa nisingekohoa, bali ningemshika Kipkorir mkono twende kwa mwalimu mapema. Lakini kumwacha aingie peke yake, hapana, baba. Hilo nisingeweza hata kwa ajili yako.

Nisalimie mama, umwambie asilie kabla yako. Nisalimie Kuluthum na jirani zetu wote, na umwombee dua mwanao katika kumi hili la mwisho.

Barua hii sikuitia posta. Kijana aliyekukabidhi, huyo aliyesimama mlangoni mwa kiwanda chako cha ngozi, ndiye Kipkorir. Bwana Owuor amemtuma hospitali ya Nakuru akapimwe macho, na amempa hati ya kuwaonyesha askari njiani. Ameondoka huku alfajiri juu ya lori la viazi, na jibu lako, lolote litakalokuwa, atanirudishia yeye. Nimemwambia kwamba nyumba yetu imefunga, kwa hiyo atasimama hapo juani mpaka umalize kusoma, na ukimwuliza atasema hajambo kabisa. Mpe maji, baba. Yeye hatayaomba.

Ni mimi mwanao,
Obeid