Gesi ya Coral kwenye Matairi ya Merv

"Punguza upepo wa matairi, Merv, mchanga utakumeza!"
"Si upepo, Dulcie, ni naitrojeni! Na sipunguzi!"

Wajukuu zangu, hizo ndizo kelele zilizowaamsha. Nyama ya kondoo iko kwenye oveni. Mbwa hajala.

Nilimwita jirani yetu Merv kichwa ngumu, nikamcheka. Kumbe gesi ile aliijaza marehemu mkewe Coral, wiki aliyoanza kuugua, ili waende pamoja kwenye ziwa la chumvi litakapopata maji. Mwaka mzima, matairi hayajashuka hata kidogo. Nilipoyagusa nilihisi kama Coral bado amebana pumzi humo, anangoja safari.

Sasa ziwa limejaa, na Merv anataka kwenda kumwaga majivu ya mkewe. ~~Mwacheni akwame.~~ Nampeleka kwa gari letu. Upepo wa matairi yetu nimeshaupunguza. Gari la Merv litabaki uani, matairi yamejaa vilevile alivyoyaacha Coral. Noelene wa ng'ambo ya barabara atasema natoroka na mume wa mtu. Aseme.

Tukirudi, mzee atasimama mlangoni na kudai ameshiba. Mwambieni, "Babu Merv, ingia, sahani yako imeshapakuliwa."

Bibi yenu