Papasa Chini ya Kiti

Mji wa Kale, Mombasa

Baba, shikamoo.

Kwa kawaida huanza kwa kukwambia kwamba mimi mzima, hofu ni kwenu. Leo sina hofu na mtu. Nina hasira, nayo imeninyima chakula tangu Jumanne. Kiuno chako kinaendeleaje? Kikohozi cha Mama kimepoa? Nauliza kwa moyo, usidhani hasira imenisahaulisha adabu.

Na wewe Mwakio, kaka yangu, unayemsomea Baba barua zangu tangu macho yake yalipozima mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi: soma kama ilivyoandikwa. Usiruke mstari wala usimung'unye maneno. Mama Wakesho aliyeileta nimemsomea yote kabla sijaifunga, na nimemwomba akae hapo mpaka mwisho. Mkaribishe chai.

Baba, Mama Wakesho hushusha kabichi zake sokoni Marikiti kila Jumanne na Ijumaa, ndipo tunapoonana. Jumanne hii alinipa habari, tena kwa furaha, masikini. "Kaka yako sasa ni fundi! Zile mbao ulizompelekea amemtengenezea Mzee kiti, watu wanakuja kukitazama. Mzee amesema Jumapili baada ya ibada atamkabidhi sanduku lake la vifaa vya useremala mbele ya wazee wa kanisa." Nilikuwa nimeshika kabichi. Nusura nimrushie, ilhali yeye hana kosa lolote.

Mbao! Mimi sikutuma mbao. Nilituma kiti. Nilikifungua vipande vipande ili kienee kwenye magunia juu ya lori la mboga, kila ulimi wa kuchomeka umeshachongwa kwa tundu lake, na vigingi kumi na viwili kwenye mfuko wa sukari. Kazi ya Mwakio ilikuwa kuchomeka na kugonga. Hata karatasi ya maelezo niliitia, naye akakaa nayo kimya. Wewe ulisikia nyundo, Baba, ukadhani umesikia ufundi.

Ngoja nikueleze kilikotoka. Bi Zuhura, mwenye nyumba ninayopikia, ameweka madirisha ya vioo na alumini. Yale ya zamani ya mbao ngumu ya msaji, ya tangu babu yake, yalitupwa uani niyafanye kuni za pilau. Msaji, Baba! Nikamwomba anipe. Akanitazama kama niliyemwomba pete ya kidoleni.

"Weye Mshai, mpishi wazitakiani mbao?"

Nikamwambia nina baba, kiuno kinamuuma, nataka apate pa kuegemea.

"Haya, chukua. Lakini kelele sitaki kwangu, na chakula kisichelewe."

Basi kila alasiri, watu wakilala baada ya chakula, nilikuwa kwenye kibaraza cha fundi seremala mmoja wa kichochoro hiki hiki. Alinipa patasi butu kuliko zake zote, akakaa pembeni kunicheka. Nilinoa. Niling'oa misumari iliyooza ndani ya mbao, nikakwangua rangi ya kijani iliyopakwa juu ya rangi nyingine hata sijui mara ngapi. Miezi minne, Baba. Vidole vyangu vilipasuka, na ndimu za kachumbari zikavila kila siku. Fundi mwenyewe aliacha kucheka siku niliyounganisha mguu wa kwanza.

Nilijifunza wapi? Kwako. Ulikuwa unamfundisha Mwakio, mimi nafagia maranda. Yeye alitazama mlango, aende mpirani. Mimi nilitazama mikono yako. Na siku niliyothubutu kushika patasi ulinichapa kwa kipande cha ubao, kwa kuwa niliishika kwa mkono wa kushoto. Ulisema mkono huo haujengi kitu. Nilikuwa na miaka tisa. Bado inaniuma, na sitakudanganya kwamba nimesamehe.

Sasa fanya hivi, na Mwakio aendelee kusoma. Kigeuze kigoda chako cha jikoni, kile ulichochonga mwenyewe. Papasa chini yake. Alama za patasi zote zimelala upande mmoja, upande wa mkono wa kulia. Umezisikia? Haya, tia mkono chini ya kiti ulichokalia. Hapo sikupiga randa, nilikwangua rangi kwa patasi nikapaacha vile vile. Papasa taratibu, usiharakishwe na mtu. Zimelala upande gani?

Na Mwakio hutumia mkono gani, Baba?

Sanduku ni lako, utampa umtakaye. Mimi nalitaka, nasema wazi, nimelitaka tangu nikifagia. Ukiona bado linamfaa mwanao wa kiume, mpe hiyo Jumapili. Ila mbele ya wazee hao mkabidhi kwa mkono wa kushoto, nao wakikuuliza sababu, waambie wapapase chini ya kiti.

Nisalimie Mama, mwambie asilie, hakuna aliyekufa. Nisalimie shangazi wa bondeni aliyekuwa akinificha ukinitafuta na fimbo. Nisalimie mke wa Mwakio, ambaye hana hatia isipokuwa ndoa yake. Mwakio mwenyewe simsalimu, ameshajisalimu kwa kujisomea.

Ni mimi mwanao, niliyeiandika barua hii kwa mkono ule ule,

Mshai