Mkono wa Mama Laurian

Devota, pokea simu basi! Haya, nakuandikia.

Unaikumbuka ile sheria yangu ya wodi ya watoto wachanga? Kwamba kelele zinawaumiza watoto njiti, kwa hiyo mama asiite nesi, akitaka kitu anyooshe mkono? Jana niliwagombeza akina mama mpaka mmoja akalia.

Leo saa nne asubuhi nimewapa mgongo, naandika mafaili. Wodi kimya kabisa. Nikajisifu moyoni. Nilijisifu, Devota!

Kugeuka hivi, namwona Mama Laurian, yule dada aliyetoka Sigino, kanyoosha mkono juu kama mwanafunzi. Machozi yanamtiririka, hatoi sauti. Mtoto wake kifuani, midomo imekuwa ya bluu. Hapumui.

Kanyoosha mkono. KANYOOSHA MKONO, anasubiri nimwone!

Nikamnyakua mtoto, nikampa hewa kwa ule mpira wa kupumulia. Huku nauliza, "Umenyoosha tangu saa ngapi?" Akanong'ona, "Tangu ulipokuwa na lile faili la kijani, sista."

La kijani nilishalimaliza. Nilikuwa katikati ya jingine.

Mtoto karudi. Yuko kwenye oksijeni, daktari anasema tusubiri.

Ila kinachonitesa siyo hicho. Mtoto alipolia mara ya kwanza, kasauti kembamba kama ka paka, mama yake aliinama haraka akamwekea kidole mdomoni.

"Shhh, mwanangu. Sista atagomba."